Kemshafti: Namba Nne za Kusoma Kabla ya Kutoa Fedha

Mwenye pikapu anayepandisha mchanga na matofali mlimani hulalamika kwa fundi wake kuwa gari halina nguvu. Fundi humshauri abadilishe kemshafti. Dukani huonyeshwa maboksi mawili: moja la kemshafti ya kawaida, jingine la bei ya juu lililoandikwa kuwa huongeza nguvu za injini. Mara nyingi hulichukua la pili. Mwezi haujaisha, gari hilo linatetemeka likiwa kwenye sailensa, linakula mafuta kuliko zamani, na mlimani linadai gia ndogo mapema zaidi. Boksi halikusema uongo. Nguvu zimeongezeka kweli, ila zimeongezeka kwenye mizunguko ambayo pikapu hiyo haifiki inapokuwa kazini.

Hasara ya namna hii haiishi kwa mwenye gari. Humrudia muuza vipuri kwa njia ya bidhaa kurudishwa, madai ya kufidiwa na wateja kuhama duka. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, kemshafti kumi zisizofaa zikikaa rafuni mwaka mzima ni fedha iliyofungwa. Kwa sababu hiyo inafaa wauzaji, wenye gereji na wanaonunua magari kwa ajili ya biashara wajue kusoma karatasi inayofungwa pamoja na kila kemshafti ya kuongeza nguvu. Karatasi hiyo ina namba nyingi, lakini za kuamulia ni nne: muda wa valvu kuwa wazi, kimo cha valvu kunyanyuka, pembe kati ya nundu, na mizunguko ya injini ambayo kemshafti hiyo imetengenezewa.

KAZI YA KEMSHAFTI

Kemshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu, unaozungushwa na krenki kwa mkanda, mnyororo au gia. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Kila nundu husukuma valvu yake ifunguke, na springi huirudisha. Valvu ya kuingiza hupitisha hewa na petroli kuingia ndani ya silinda, na valvu ya ekzosi hutoa moshi. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, ikae wazi kwa muda gani na inyanyuke kiasi gani.

Kemshafti yenyewe haizalishi nguvu hata kidogo. Kazi yake inafanana na ya mlinzi wa mlango wa ghala. Mlango ukifunguliwa vya kutosha na kwa wakati wake, mzigo mwingi huingia. Ukiachwa wazi baada ya wapagazi kumaliza kuingiza, mzigo huanza kutoka. Injini inayozunguka polepole na ile inayokimbia zinahitaji walinzi wenye mazoea tofauti, na hapo ndipo chanzo cha faida na hasara zote zinazoelezwa katika makala haya.

NAMBA YA KWANZA: MUDA WA VALVU KUWA WAZI

Muda huu haupimwi kwa sekunde bali kwa digrii za mzunguko wa krenki. Pistoni inaposhuka kuvuta hewa hutumia digrii 180 tu, lakini kemshafti nyingi huiacha valvu wazi kwa digrii 250 na zaidi. Sababu yake inaonekana kwa hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, digrii 180 hupita kwa sehemu 5 tu za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Ikizunguka mara 1,500, digrii hizo hizo huchukua sehemu 20.

Kwenye mizunguko ya juu, hewa inayokimbia kwa kasi huendelea kuingia hata pistoni inapoanza kupanda, hivyo kuchelewa kufunga valvu ni faida. Kwenye mizunguko ya chini, hewa haina kasi hiyo. Pistoni inapoanza kupanda huirudisha nje kupitia mlango ule ule ulioachwa wazi. Silinda hubaki na hewa pungufu, kompresheni halisi hushuka, na gari huwa zito wakati wa kuondoka. Kwa kifupi, digrii nyingi huhamisha nguvu kuelekea mizunguko ya juu, na malipo yake hutoka kwenye mizunguko ya chini.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Watengenezaji hawapimi muda kutoka sehemu moja. Wengine huanza kuhesabu valvu inapoanza tu kusogea. Wengine, hasa Marekani, hutoa pia kipimo cha pili kinachoanza pale nundu inapokuwa imenyanyua kwa inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Wengine hupima kwenye milimita 1. Kemshafti moja inaweza kuwa na namba mbili zinazopishana kwa zaidi ya digrii 40, na zote zikawa sahihi. Anayelinganisha namba ya kipimo cha kwanza ya kampuni moja na namba ya kipimo cha pili ya kampuni nyingine ni kama anayelinganisha bei ya jumla na bei ya rejareja bila kujua ipi ni ipi.

NAMBA YA PILI: KIMO CHA KUNYANYUKA

Kimo ni umbali ambao valvu husogea kutoka kwenye kiti chake. Kanuni ya kukadiria ni kuwa valvu ikinyanyuka kwa robo ya kipenyo chake, uwazi unaoizunguka huwa sawa na eneo la duara lake. Valvu ya kipenyo cha milimita 30 hufikia hapo ikinyanyuka milimita 7.5. Zaidi ya hapo faida huendelea kupatikana ikiwa njia za hewa za kwenye kichwa cha injini zinaweza kupitisha, vinginevyo kinachoongezeka ni uchakavu.

Uzuri wa kimo ni kwamba huweza kuongeza hewa bila kuhamisha sana nguvu kwenda juu. Ubaya wake ni gharama. Springi za zamani huweza kubanwa hadi mizunguko yake ikagusana, na valvu huweza kukutana na pistoni. Ajali hiyo huua injini nzima kwa sekunde moja.

Kwenye injini zinazotumia roka, kimo kinachoandikwa hutegemea pia uwiano wa roka. Nundu yenye kimo cha milimita 8.08 ikitumia roka ya uwiano wa 1.5 huinua valvu milimita 12.1. Ikitumia roka ya 1.6 huinua milimita 12.9. Wauzaji wawili wanaweza kutangaza vimo tofauti kwa kemshafti ile ile, na mnunuzi akadhani ya mmoja ni bora.

NAMBA YA TATU: PEMBE KATI YA NUNDU

Namba hii huonyesha umbali wa digrii kati ya katikati ya nundu ya kuingiza na katikati ya nundu ya ekzosi. Pembe ndogo, kama digrii 106 hadi 110, huongeza kipindi ambacho valvu zote mbili huwa wazi kwa pamoja. Pembe kubwa, kama digrii 114 hadi 118, hupunguza kipindi hicho.

Kuingiliana kwa valvu husaidia injini inayokimbia, kwa sababu moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye sailensa, kuingiliana huko huchanganya moshi na hewa mpya, na sehemu ya petroli hupotelea kwenye ekzosi. Ndipo injini hutetemeka, na uvutaji wa hewa unaosaidia breki nao hudhoofika. Dereva wa mashindano huvumilia hayo, lakini mwenye teksi anayeshinda kwenye foleni huyalipia kila siku kituo cha mafuta.

NAMBA YA NNE: MIZUNGUKO INAYOKUSUDIWA

Namba hii huwekwa na mtengenezaji kama muhtasari wa zile tatu. Huonyesha kuanzia mizunguko mingapi hadi mingapi kwa dakika kemshafti hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa mnunuzi asiye fundi, hii ndiyo namba ya kuanzia. Akijua gari lake hufanya kazi muda mwingi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500, kemshafti inayoanza kuamka kwenye 3,000 haimfai, hata bei yake ikishushwa nusu.

ULINGANISHO WA KEMSHAFTI TATU

Mfano mzuri wa kujifunzia unatoka Marekani, ambako biashara ya kemshafti za kuongeza nguvu ni ya miaka mingi na karatasi za vipimo hutolewa kwa uwazi. Kampuni ya Comp Cams hutengeneza mfululizo wa kemshafti za injini ya zamani ya Chevrolet ya silinda nane, ile ndogo ambayo umbo lake maarufu ni la lita 5.7. Tatu kati ya hizo hufuatana kwa hatua ndogo. Vipimo vya kuingiza vimetangulia, vya ekzosi vinafuata, na kimo ni kwa roka ya 1.5:

XE262H: muda digrii 262 na 270; kwenye inchi 0.050 ni 218 na 224. Kimo milimita 11.7 na 11.9, pembe 110, mizunguko 1,300 hadi 5,600.

XE268H: muda digrii 268 na 280, kwenye inchi 0.050 ni 224 na 230. Kimo milimita 12.1 na 12.2, pembe 110, mizunguko 1,600 hadi 5,800.

XE274H: muda digrii 274 na 286, kwenye inchi 0.050 ni 230 na 236. Kimo milimita 12.4 na 12.4, pembe 110, mizunguko 1,800 hadi 6,000.

Kuna mambo matatu ya kuona hapa. La kwanza, namba 268 na 224 ni za kemshafti moja. Tofauti yake ni digrii 44, na inatokana na mahali pa kuanzia kupima. La pili, kila hatua ya digrii 6 imesogeza mwisho wa juu kwa mizunguko 200, lakini pia imesogeza mwanzo kwa mizunguko 200 hadi 300. Anayetoka XE262H kwenda XE274H anapata mizunguko 400 juu na kupoteza 500 chini. Hiyo ni biashara ya kubadilishana, si zawadi.

La tatu linahitaji hesabu fupi. Pembe ya zote tatu ni 110, lakini kuingiliana kwa valvu hakulingani. Mtu akijumlisha muda wa kuingiza na wa ekzosi, akagawanya kwa nne, akatoa pembe, kisha akazidisha kwa mbili, hupata digrii ambazo valvu zote huwa wazi. Kwa XE262H jibu ni 46, kwa XE268H ni 54, na kwa XE274H ni 60. Hivyo pembe peke yake haitoshi kumwambia mnunuzi kama injini itatulia kwenye sailensa. Ni lazima isomwe pamoja na muda.

NGUVU KUBWA KWA DIGRII CHACHE

Mfano wa pili wa Marekani unapunguza imani ya kwamba digrii nyingi ndiyo nguvu nyingi. Mwaka 2001, General Motors iliweka injini ya LS6 ya lita 5.7 kwenye Chevrolet Corvette Z06. Ilitoa nguvu za farasi 385 kwenye mizunguko 6,000. Mwaka 2002 injini hiyo ilitoa nguvu 405 kwenye mizunguko ile ile, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilipanda kutoka nyutoni-mita 522 hadi 542.

Kemshafti ilibadilishwa. Muda wa kuingiza ulibaki digrii 204 kwa kipimo cha inchi 0.050. Wa ekzosi uliongezwa kutoka 211 hadi 218. Kimo cha valvu ya kuingiza kilipanda kutoka milimita 13.3 hadi 14.0, na pembe ilitanuliwa kutoka 116 hadi 117.5. Kwa kuwa muda wa kuingiza haukuguswa, kilele cha nguvu kilibaki kwenye mizunguko 6,000. Nguvu 20 zilizoongezeka, ambazo ni kama asilimia 5, hazikumpotezea dereva mvuto wa chini.

Hata hivyo, kemshafti haikufanya kazi hiyo peke yake. Kiwanda kilitumia pia valvu nyepesi zaidi na kurekebisha njia ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Aidha, mtu akiweka digrii 204 za LS6 kando ya digrii 218 za XE262H, ataona kuwa injini yenye kemshafti “ndogo” ndiyo iliyofikia nguvu 405. Siri iko kwenye kichwa chenye njia nzuri za hewa, kompresheni ya 10.5 kwa 1, na tapeti za magurudumu zinazoweza kufungua valvu kwa haraka. Valvu inayofunguka haraka hadi kimo kikubwa haihitaji kukaa wazi muda mrefu.

SOMO LA COROLLA

Afrika Mashariki haina injini nyingi za Chevrolet, lakini somo hilo hilo liko kwenye injini ambazo mafundi wake wanazijua vizuri. Jamii ya 4A ya Toyota, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,587, imeingia kwa wingi kupitia Corolla na Carina zilizotumika kutoka Japani. Corolla za Japani za kuanzia mwaka 1991 zilipatikana na 4A-FE ya kawaida, na ndugu zake wa michezo walipewa 4A-GE ya valvu 20. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 81, na mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 77.

4A-FE ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 115 kwenye mizunguko 6,000 na toki ya nyutoni-mita 147 kwenye mizunguko 4,800. 4A-GE ilitangazwa kuwa na nguvu 160 kwenye mizunguko 7,400 na toki ya 162 kwenye mizunguko 5,200. Toki imezidi kwa asilimia 10 tu, lakini nguvu zimezidi kwa asilimia 39. Tofauti hiyo imetoka wapi?

Nguvu za farasi ni toki mara mizunguko, ikigawanywa kwa 7,024. Kwenye kilele chake cha nguvu, 4A-FE ina toki ya nyutoni-mita 135, na 4A-GE ina 152. Kama 4A-FE ingeweza kushikilia 135 zake hadi mizunguko 7,400, ingetoa nguvu 142 bila kuongeza hata nyutoni-mita moja. Yaani kati ya nguvu 45 zilizozidi, 27 zimetokana na kukimbia zaidi tu. Zilizobaki 18 ndizo zinazotokana na kila mzunguko kuwa na toki kubwa zaidi.

Kuiwezesha injini kupumua kwenye mizunguko 7,400 kulihitaji kemshafti zenye muda mrefu na kimo kikubwa zaidi, valvu tano kwa kila silinda, kompresheni ya 10.5 kwa 1, na koo la hewa la peke yake kwa kila silinda. Toyota iliongeza pia mtambo wa kusogeza wakati wa kemshafti ya kuingiza ili mvuto wa chini usipotee. Honda ilikuwa imetatua tatizo hilo kwa njia nyingine mwaka 1989 kwenye injini yake ya B16A, kwa kuweka nundu za aina mbili kwenye kemshafti moja na kubadilisha kutoka aina moja hadi nyingine injini inapokimbia. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 1,595 ilitoa nguvu 160 kwenye mizunguko 7,600.

Viwanda hivyo viwili vilitumia fedha nyingi kwa sababu vilijua kuwa kemshafti moja isiyobadilika haiwezi kufaa juu na chini kwa pamoja. Muuzaji anayemwahidi mteja kuwa kemshafti yake ya kawaida inaongeza nguvu “kila mahali” anaahidi jambo ambalo liliwalazimu wahandisi wa Toyota na Honda kubuni mitambo mipya.

Jambo moja zaidi kwa wauza vipuri: kemshafti za 4A-GE haziingii kwenye 4A-FE, ingawa namba za injini zinafanana. Vichwa ni tofauti, na hata namna kemshafti zinavyozungushwa ni tofauti. Anayeagiza kwa kutazama herufi za mwanzo tu atapokea mzigo asioweza kuuza.

GHARAMA NJE YA BOKSI

Bei ya kemshafti ni mwanzo wa hesabu. Kemshafti yenye kimo kikubwa hudai springi mpya. Injini za zamani za tapeti bapa hudai tapeti mpya, kwa kuwa tapeti iliyozoea nundu moja huharibu nundu mpya. Gasketi, mkanda na mafuta ya injini hubadilishwa kwa kuwa injini imekwisha kufunguliwa. Gari la kabureta huhitaji kurekebishwa upya, na gari la kompyuta huhitaji fundi anayeweza kuirekebisha kompyuta hiyo. Mara nyingine hata difu inabidi ibadilishwe ili injini ikae kwenye mizunguko yake mipya.

Tuseme kemshafti inauzwa shilingi 400,000 na mambo mengine yote yanafikia shilingi 600,000, na nguvu zinazopatikana ni 20. Muuzaji atasema kila nguvu moja imegharimu shilingi 20,000. Hesabu ya kweli ni shilingi 50,000. Mwenye fedha anapaswa kujiuliza kama shilingi milioni hiyo isingeleta faida zaidi ikitumika kufanya ovahoo ya injini iliyochoka. Injini ambayo kompresheni yake imeshuka kwa uchakavu haiponi kwa kupewa kemshafti mpya, kwani valvu zitafunguka vizuri na hewa itavuja kwenye ringi za pistoni.

Vile vile zipo kemshafti za zamani zilizosagwa upya na kuuzwa kama za kuongeza nguvu. Kusaga upya ni kazi halali, na ikifanywa vizuri hupunguza gharama. Lakini uso wa nundu una tabaka gumu. Msagaji akilipita tabaka hilo bila kuufanya uso kuwa mgumu tena, nundu huliwa kwa muda mfupi. Mnunuzi adai karatasi ya vipimo vipya, na aulize kama uso umefanyiwa kazi hiyo.

Kwa injini za tapeti bapa, mafuta nayo yameingia kwenye hesabu. Tangu miaka ya 2000, mafuta mengi ya injini za petroli yamepunguzwa zinki na fosforasi, viungo vinavyolinda nundu, ili yasiharibu mitambo ya kusafisha moshi. Kemshafti mpya ya aina hiyo ikiwashwa na mafuta yasiyofaa huweza kuharibika ndani ya saa moja ya kwanza, na muuzaji ndiye atakayelaumiwa.

SOKO LIKO WAPI

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuweka mtaji kwenye bidhaa hii, wateja wanagawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wenye magari ya kazi na ya familia: teksi, pikapu na magari madogo ya petroli. Hao wanahitaji kemshafti ya kawaida yenye vipimo vya kiwanda, kwa sababu iliyopo imeliwa. Mauzo yao ni ya uhakika na bidhaa hairudi ikiwa namba ya kipuri ni sahihi. Magari ya dizeli ya mizigo hayamo kwenye hesabu ya kemshafti za kuongeza nguvu. Injini zake hufanya kazi kwenye mizunguko ya chini, na nguvu zake hutafutwa zaidi kwa kusukuma hewa na mafuta mengi kuliko kwa kubadilisha nundu.

Kundi la pili ni wapenda mbio na magari ya michezo. Hao hulipa vizuri, hujua wanachotaka, na huja na fundi wao. Lakini ni wachache, kila mmoja anataka vipimo vyake, na baadhi ya madaraja ya mashindano hayaruhusu kemshafti iliyobadilishwa. Kwa kundi hili ni salama kuagiza baada ya mteja kutoa malipo ya awali kuliko kujaza rafu.

Hatari iko kwa muuzaji anayechukua bidhaa ya kundi la pili na kuiuza kwa kundi la kwanza. Faida yake ya siku hiyo huwa kubwa, na mwenye pikapu huendelea kulipa kwa miezi kadhaa: mafuta zaidi, safari chache zaidi, na mzigo anaolazimika kuupunguza ili apande mlima ule ule. Muuzaji anayeijali biashara yake ataanza na swali moja kabla hajafungua boksi: gari hili hufanya kazi kwenye mizunguko mingapi? Akishapata jibu, ahakikishe kuwa muda umepimwa kwa kipimo kimoja na ule wa kemshafti ya kiwanda, asome kimo na pembe, kisha ajumlishe springi, tapeti na marekebisho kwenye bei. Mteja ambaye mahitaji yake hayalingani na namba hizo aelekezwe kwenye boksi la kemshafti ya kawaida, hata kama faida yake ni ndogo.